Wagalatia katika Mimbari za Tarime

Katika mojawapo ya madaftari yangu ya mahubiri lipo hubiri la mwezi Novemba ambalo sijalirudia tena. Somo lilikuwa Wagalatia sura ya 5. Nilikuwa nimeliandaa vizuri. Pembeni niliandika majina ya waandishi niliowasoma chuo cha theolojia, na aya ya kwanza niliipigia mstari kwa wino mwekundu. Baada ya ibada wazee wa kanisa walinipongeza, na mwinjilisti akaomba alinakili akalitumie mtaani kwake. Makala haya ni uhakiki wa hubiri hilo, pamoja na mengine ya aina yake niliyoyasikia kwa miaka kadhaa ya utumishi katika wilaya za Tarime na Serengeti. Sitamtaja mhubiri yeyote wala usharika wowote. Wa kwanza kukosolewa ni mimi.

Siku ile, mlangoni, mama mmoja mzee alinishika mkono akabaki ameushika.

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji."

"Amina, mama."

"Leo umesoma habari za tohara. Huyu Paulo alikuwa anasema tohara yenyewe, hii yetu, au alikuwa anasema kitu kingine?"

Nilikuwa na jibu tayari, maana ndilo nililotoka kulihubiri. Nikamwambia kwamba tohara pale ni mfano, kwamba Mtume anasema juu ya sheria zote, juu ya kila kitu ambacho mtu anakitegemea badala ya kumtegemea Kristo.

"Ahaa," akasema. "Kitu kingine." Akaniachia mkono.

Desemba ile mjukuu wake, aliyekuwa mwaka wa kwanza wa Kipaimara, hakuonekana darasani Jumamosi tatu mfululizo. Januari alirudi akakaa benchi la nyuma, na hakuna aliyehitaji kuniambia kilichotokea. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba juma lile la hubiri langu kulikuwa na kikao cha ukoo. Yule mama, kwa kuwa ndiye mwanamke mkubwa pale nyumbani, alitakiwa naye aseme neno. Alikuwa amekuja kanisani kulitafuta. (Nimebadili mambo madogo katika habari hii ili mtoto asitambulike.)

Nimelisoma hubiri lile mara nyingi tangu hapo. Halina uzushi ndani yake. Mwalimu wangu wa Agano Jipya angelipa alama nzuri. Kila sentensi ni kweli, na kwa pamoja zilimwacha yule mama mikono mitupu. Ninataka kueleza kwa nini.

Tunaofundishwa katika vyuo vya Kilutheri tunaujua Waraka kwa Wagalatia kwa njia ya Martin Luther. Mwaka 1531 aliufundisha pale Wittenberg, na mafundisho yake yakachapwa mwaka 1535. Aliupenda waraka huu hata akaufananisha na mke wake, Katharina von Bora. Lakini kumbuka mji aliokuwa akifundishia. Wittenberg hapakuwa na mtu wa kumlazimisha jirani yake atahiriwe. Kwa hiyo Luther alipofika kwenye neno hilo alilazimika kujiuliza: katika mji huu, leo, ni kitu gani kinafanya kazi ambayo tohara ilifanya kule Galatia? Akaona nadhiri za watawa, hija, vyeti vya msamaha. Alitoka kwenye neno akaenda hadi kwenye kitu kilichowafunga watu wake shingoni. Hiyo ilikuwa kazi halali ya mhubiri, na aliifanya kwa ujasiri.

Sisi tumechukua jibu lake tukaliacha swali lake. Tukisoma neno tohara, mara moja tunapanda meli kwenda Wittenberg kutafuta maana, tunarudi na habari za matendo ya sheria kwa ujumla, na tunazitoa mbele ya watu ambao kitu chenyewe kinapita barabarani mbele ya kanisa kwa filimbi na nyimbo. Mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikifungwa Desemba, baraza la siri la wazee wa mila, inchama, likisharuhusu, msimu huanza koo kwa koo. Wavulana kwa wasichana. Ni majira yaleyale ambapo sisi tuko katika Majilio, tunawasha mishumaa na kusoma habari za sauti ya mtu aliaye nyikani.

Mimi ni Mkurya. Nilitahiriwa nikiwa kijana na sikulia, na nyumbani bado naitwa mura. Watu wa Dar es Salaam hulitumia neno hilo kwa utani kumwita yeyote atokaye Mara, bila kujua kwamba asili yake ni jina la kijana aliyekwisha kupita kwenye kisu. Kwetu hata salamu inakuuliza kama umetahiriwa. Msichana ambaye hajakeketwa naye ana jina lake, msagane, na hakuna anayelitamka kwa heshima. Anaweza kulisikia kisimani, sokoni, na akiolewa, kwa mama mkwe. Nimewaona wanawake watu wazima, wenye watoto wawili, walioingia msimu wa Desemba kwa sababu walichoka kuitwa hivyo. Sheria ya mwaka 1998, iliyoongeza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu, inamlinda msichana aliye chini ya miaka 18, na anayemkeketa anaweza kufungwa kuanzia miaka mitano hadi kumi na mitano. Mwanamke wa miaka 19 anayekokotwa kwa maneno, kifungu hicho hakimfikii. Wagalatia inamfikia, kama ingesomwa.

Sasa niseme juu ya mahubiri mengine, maana si wote wanaokimbilia Wittenberg kama nilivyofanya.

Kuna hubiri ambalo hutolewa zaidi katika zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba. Mhubiri anaweka Biblia pembeni kwa adabu na kuchukua makaratasi ya semina. Anasema juu ya kutoka damu nyingi, maambukizi, uchungu wa uzazi, kifo. Yote ni kweli, na heri anayeyasema kuliko anayenyamaza. Lakini wazee wa mila ni watu werevu. Walipoambiwa habari za wembe mmoja kutumika kwa watoto wengi, walijibu kwamba kila mtoto aje na wembe wake. Walipoambiwa habari za damu, wapo waliotafuta muuguzi wa kuifanya kazi hiyo kwa siri ndani ya nyumba. Ukimwambia mtu kwamba jambo ni baya kwa sababu ni la hatari, umemruhusu alifanye siku litakapokuwa salama. Na zaidi, hubiri hili huwa na kasoro nyingine ambayo nitairudia: linasahau ni akina nani wameketi kwenye mabenchi.

Kuna la pili, ambalo wahubiri vijana hulipenda kwa kuwa lina aya nyingi. Linaanza na Mwanzo 17, agano la Mungu na Ibrahimu, na kuonyesha kwamba tohara ile iliamriwa kwa wanaume peke yao. Linapita Mambo ya Walawi, linapita Luka 2, na kuhitimisha kwamba hakuna mahali Biblia inapotaja tohara ya wasichana. Ni kweli haipo. Lakini ni mzee gani wa Tarime aliyewahi kudai kwamba aliipata kwenye Biblia? Anasema aliipata kwa baba yake. Mhubiri amepanda mimbarani akashindana na hoja ambayo hakuna aliyeitoa, akashinda, akakaa. Tena kuna hatari ndani yake. Ikiwa kipimo ni kutajwa au kutotajwa, basi mambo mengi tunayoyafanya kanisani yataanguka pamoja, kuanzia hiyo Kipaimara yenyewe.

Na kuna la tatu, hubiri la kutenga. Atakayemkeketa binti yake atazuiliwa Meza ya Bwana mpaka atakaporudi kundini kwa toba. Sisemi kanisa lisiwe na nidhamu. Naomba tu wachungaji wenzangu wafungue vitabu vyao vya sharika waone walioandikwa humo. Mara nyingi ni akina mama. Kikao kilichoamua kilikuwa cha wanaume. Ng'ombe wa mahari, ambao huongezeka binti akiwa amekeketwa, wataingia kwenye zizi la wanaume. Ada inayolipwa kwa kila msichana inagawanywa kati ya ngariba na wazee. Mama alipika uji wa kumwuguza mtoto. Ndiye tunayemkuta, ndiye tunayemtenga, na mumewe, ambaye hakuwa mshiriki wa kudumu tangu mwanzo, haoni tofauti.

Jirani zetu walilijaribu jambo hili kwa nguvu kuliko sisi. Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu huko Kenya, misheni ya Kanisa la Scotland, Dakta John Arthur akiwa mstari wa mbele, iliwataka washiriki na walimu waweke ahadi ya kuikana tohara ya wasichana, na wengi waliweka kwa dole gumba. Waliokataa waliondoka kwa maelfu, wakajenga shule zao na makanisa yao, na tohara ikageuka kuwa alama ya kuikataa serikali ya wageni. Wamisionari wale waliona ubaya ambao ulikuwepo kweli. Nadhani kosa lao lilikuwa hili: waliiondoa tohara kama kipimo cha mtu, wakaiweka ahadi mahali palepale, kipimo kikabaki. Askofu Vincent Lucas wa Masasi, kusini mwa nchi yetu, alikwenda njia nyingine. Alilichukua jando akalitia sala, na watu wakabaki kanisani. Lakini huyo alishughulika na desturi ambayo kwa wavulana ingeweza kubatizwa. Sijui mtu angeanzia wapi kuibatiza hii yetu ya wasichana. Makambi ya Desemba kama ya masista pale Masanga, ambapo wasichana hufundishwa mila njema, husomeshwa na kupewa cheti bila kukatwa, yamechukua kilicho bora katika njia ya Lucas na kuacha kisu. Hata hivyo mzazi mmoja aliniambia kwa utani, akishika cheti cha binti yake, "Mchungaji, sasa asiye na cheti hiki ndiye msagane." Utani ule ulinikaa.

Nirudi kwenye maneno, maana nadhani hapo ndipo mahubiri yetu yanapoanza kupotea kabla hata hatujafungua kinywa. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo, peritome, maana yake ni kukata kuzunguka. Ni neno la kazi ya kisu tu. Neno letu la Kiswahili, tohara, limetoka kwenye Kiarabu, na ndani yake mna usafi. Kwa Kiswahili aliyetahiriwa amekwisha kuitwa msafi kabla hujasema chochote kingine, na asiyetahiriwa ameachwa na harufu. Watafsiri wa Biblia hawakukosea, hawakuwa na neno jingine. Lakini msikilizaji wa Tarime anaposikia kwamba katika Kristo tohara si kitu, anasikia kama vile amesikia kwamba usafi si kitu, na anatikisa kichwa.

Serikali na mashirika waliliona tatizo hili wakalitatua kwa njia yao. Waliacha kusema tohara ya wanawake wakaanza kusema ukeketaji. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu, kwa shida na kwa kurudiarudia. Neno lilivuliwa kanzu yake nyeupe. Wako wakristo wenzangu, watu wazima, wanaoona kwamba neno hilo ni la matusi na halifai mimbarani. Ninawaomba wasome Wafilipi 3:2. Pale Paulo mwenyewe anafanya jambo hilihili. Anaacha kusema peritome na kusema katatome, neno linalofanana nalo kwa sauti lakini maana yake ni kukatakata, kuharibu mwili. Anakataa kuwapa wale waliowalazimisha wengine lile jina la heshima. Mtume alisema ukeketaji karne nyingi kabla ya semina ya kwanza. Na katika Wagalatia 5:12 anakwenda mbali zaidi, anawatakia wale wasumbufu wajikate wenyewe kabisa, maneno makali ambayo karibu kila mhubiri huyaruka. Mimi niliyaruka. Katika daftari langu, baada ya aya ya 11 kuna mstari mwekundu, halafu aya ya 13.

Sasa nifike kwenye kile kinachonifanya niamini kwamba waraka huu ungeweza kumsaidia yule mama kuliko karatasi zote za semina. Wagalatia 5:6 na 6:15, ukizisoma polepole, hazisemi jambo moja, zinasema mawili. Kutahiriwa hakumwongezei mtu kitu mbele za Mungu. Na kutokutahiriwa nako hakumwongezei. Kinachohesabiwa ni imani inayofanya kazi kwa upendo, ni kiumbe kipya. Sisi wahubiri wa kizazi hiki tunapenda lile la kwanza na kulisahau la pili.

Fikiri juu ya wanaoketi mbele yetu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 28 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2015/16 ulikuwa umeonyesha 32. Idadi inashuka, tumshukuru Mungu. Lakini hiyo ni hesabu ya mkoa mzima, na ndani yake wamo Wajaluo wa Rorya ambao desturi yao haina jambo hili. Ukisimama kwenye mimbari ya Tarime vijijini au vijiji vya Wakurya wa Serengeti na kuwatazama wanawake wenye umri wa kuitwa bibi, unawatazama watu ambao karibu wote walikatwa. Semina inawaambia kwamba waliharibiwa. Inamaanisha vizuri, lakini ndivyo wanavyosikia: kwamba mwili walioishi nao miaka 60, waliozalia watoto wanane, ni kitu kilichovunjika, na mama zao waliowashika siku ile walikuwa wauaji. Bibi akisikia hivyo atafanya nini kwenye kikao cha ukoo? Atamtetea mama yake marehemu. Atasema, sisi tulifanyiwa na tuko hapa. Tumemlazimisha kuchagua kati ya heshima yake mwenyewe na ngozi ya mjukuu wake.

Paulo hamlazimishi achague. Yeye mwenyewe alikuwa ametahiriwa siku ya nane, na hakuona haya wala fahari. Kwa hiyo mhubiri anayeishika aya yote, pande zote mbili, anaweza kumwambia mama yule: wewe uliyekatwa hukupungukiwa kitu mbele za Kristo, na mjukuu wako asiyekatwa hapungukiwi kitu, basi hakuna sababu ya kumpeleka. Semina haina uwezo wa kusema hivyo, kwa kuwa haina mahali pa kuiweka thamani ya mtu isipokuwa mwilini, palepale wazee wa mila wanapoiweka.

Jambo la kushangaza ni kwamba Paulo anaijua hata ile hofu inayoendesha kikao. Katika sura ya 6, aya ya 12 na 13, anasema kwamba wanaolazimisha tohara wanataka kuonekana vizuri kwa nje, wanaogopa kuteswa, na wanataka kujisifu kwa ajili ya miili ya wengine. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo huku kwetu ataitambua hali hiyo. Baba wengi niliozungumza nao faraghani hawaipendi desturi hii. Wanaogopa kucheka kwa ndugu zao, laana ya inchama, binti kukosa mchumba, ng'ombe wachache. Wanajisifia mwili wa mtoto kwa kuwa hawana kingine cha kuwaonyesha watu.

Mzee mmoja msomaji wa Biblia alinipinga hapa vizuri sana. Akasema, "Mchungaji, Paulo huyohuyo alimtahiri Timotheo. Matendo 16." Ni kweli, na mhubiri asiyejiandaa ataanguka papo hapo. Lakini waweke Timotheo na Tito pamoja. Timotheo alikuwa mtu mzima anayekwenda kazini kati ya Wayahudi, na hakuna aliyesema kwamba bila hilo si mtu. Tito, katika Wagalatia 2:3, alipelekwa Yerusalemu, mbele ya wakubwa wote, na pale tohara ilitakiwa kuwa tiketi ya kukubaliwa. Paulo akakataa. Si kisu kilekile kwa kila mtu. Swali ni kinadai nini. Binti wa miaka 12 anayeambiwa kwamba bila wembe hataolewa, hataheshimiwa, hatazikwa vizuri, huyo ni Tito. Nilipomweleza mzee wangu hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Na wavulana je?" Nikakiri kwamba aya ileile inawagusa. Kijana wa Kikurya asiyetahiriwa naye ni mtu kamili. Sikufurahi kusema hivyo, mimi mura, na sijawahi kulisema mimbarani mpaka leo ninapoliandika.

Baada ya Tito, sura ya 2 inaingia chumba cha kulia. Petro, kule Antiokia, alikula na wasiotahiriwa mpaka walipofika wageni kutoka kwa Yakobo, ndipo akajitenga. Hakuhubiri uongo wowote. Alihamisha kiti tu, na Paulo akampinga mbele ya wote. Nadhani hapa ndipo uhakiki wa mahubiri yetu unapopaswa kutoka nje ya kanisa. Pale Mugumu, Serengeti, ipo nyumba ya kuwapokea wasichana wanaokimbia, kazi iliyoanzia chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, na ambayo Rhobi Samwelly ameifanya ijulikane mbali. Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018 juu ya wasichana hao imeonyeshwa nchi nyingi. Watu wakiizungumzia husifu ujasiri wa mtoto anayekimbia usiku, na anastahili. Mimi najali zaidi mkutano unaokuja baadaye, wazazi wanapoitwa na kutakiwa waahidi kwa maandishi kwamba hawatamkata, kisha mtoto arudi nyumbani. Wengine wanakubali. Wengine wanakataa, na mtoto anabaki. Wakikubali, mtoto anarudi kwenye nyumba ambayo shangazi zake hawatapokea sahani kutoka mkononi mwake. Hapo polisi wa dawati la jinsia hawana kazi tena. Hapo ni Antiokia. Mshiriki mmoja tu wa kanisa akikaa, akanyoosha mkono, akapokea ugali kwa yule binti, amehubiri Wagalatia vizuri kuliko daftari langu.

Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo watoto wetu wanaikariri, inapoeleza Amri ya Tano haiishii kwenye kutoua. Inasema pia juu ya kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Yule mjukuu alikuwa amekwisha kuikariri amri hiyo pamoja na maelezo yake. Nilimsikiliza mwenyewe mwezi Oktoba, akapata zote.

Nilikwenda kumwona bibi yake mwaka uliofuata. Nilimweleza kwamba siku ile nilimjibu vibaya, kwamba Paulo alikuwa anasema tohara yenyewe, na kwamba hayo mengine yote huja baada yake. Alisikiliza huku akipeta mtama. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu, kama ile aya inayosema pande mbili ni fupi, maana macho yake hayasomi tena na angependa kuishika kichwani. Nilimsomea mara nne. Mara ya tano aliisema mwenyewe, kwa Kikurya, kwa maneno yake, na ilikuwa fupi kuliko ya kwenye kitabu.

Mjukuu wa pili ameandikishwa darasa la Kipaimara mwaka huu. Mwaka ujao unagawanyika kwa mbili. Somo letu la Jumamosi ijayo ni habari za Tito, na bibi amesema atakuja kukaa darasani.